Mdogo wangu kaachwa akiwa Marekani, karatasi zake na za mtoto zitakuwaje?

BintiTandika
Habari za usiku wakuu. Naombeni msaada wa mtu anayejua, si wa kubahatisha.

Mdogo wangu aliolewa hapa hapa Tandika na kijana wa mtaani kwetu aliyechukua uraia wa Marekani zamani. Bwana akamfanyia karatasi, yeye na binti yake aliyeingia naye kwenye ndoa. Siku wanatua Minneapolis ndoa ilikuwa na mwaka na miezi minne, wakapewa grini kadi, yaani vibali vya kuishi kule, za miaka miwili. Zinaisha Februari.

Jumanne bwana kamtumia sauti ya WhatsApp, sekunde kumi na moja: "Nimekuacha, nenda kwenu." Nimeisikiliza mara nne, nyuma yake maikroweva inalia. Kesho yake akaongeza kuwa atapiga simu uhamiaji wafute kadi, na ile hati ya kumdhamini anaitoa. Mama keshasema binti arudi akae eda nyumbani, mengine baadaye. Mimi nauza vitenge Kariakoo, sheria za Wamarekani nitazijulia wapi? Kadi ndiyo imekwenda? Na mtoto je?

Mstaafu_wa_Bandari
Ndo mjue, majuu si peponi. Arudi tu, ugali upo.

MamaShani
Mstaafu, kama huna la kusaidia pita.

Dada pole. Yalinikuta nikiwa Texas, sasa niko Mbezi namuuguza mzee kwa miezi miwili. Hiyo simu isimtetemeshe. Mume hana rungu la kufuta kadi ya mtu. Serikali ndiyo inayoweza, na kwa taratibu zake, hadi mbele ya jaji wa uhamiaji. Hati ya udhamini, I-864, angeweza kuitoa kabla hawajapewa kadi. Sasa imeshamfunga, na haifi kwa talaka.

Hofu yenu iwe Februari. Kadi ya miaka miwili ina masharti, na kuyaondoa unajaza fomu I-751. Walio pamoja wanasaini wote, ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha. Aliyeachika anajaza peke yake, anaomba asamehewe sahihi ya mume, na yeye halazimiki kungoja hizo siku 90. Mtoto kama alipata kadi siku moja na mama, anaandikwa humo humo. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, haikufungwa kwa ajili ya karatasi. Kuvunjika kwenyewe si kosa.

Mimi nilikwenda na bahasha ya kaki imetuna: mkataba wa nyumba, akaunti ya pamoja, kodi tulizojaza pamoja. Afisa akapitisha picha za harusi harakaharaka, akaja kusimama kwenye risiti ya godoro yenye majina yetu wawili. Akauliza nani alilichagua. Nikamwambia mimi, na mwenzangu alilalamika mwaka mzima kuwa ni gumu. Yule mzungu akacheka, basi nami nikapata pumzi.

Eda akae huko huko. Akija huku akapitisha mwaka bila kibali cha kurudia, watasema kayahama makazi. Na ule uraia wa miaka mitatu asahau, ule ni wa anayeishi na mwenzi raia. Yeye atahesabu mitano. Halafu mwulize kwa upole kama alikuwa anapigwa. Aliyepigwa ana njia yake kwenye fomu hiyo hiyo, na hahitaji kungoja talaka.

Kibarua_wa_Sheria
MamaShani kamaliza karibu yote. Niongeze moja: sauti ya WhatsApp si hukumu. Hata huku Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpitie baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo iivunje ndoa. Kidini kaachwa, kwenye karatasi bado ni mke wa mtu, na uhamiaji wa kule watadai hati ya mahakama. Kwa kuwa wote wanaishi Minnesota, jimbo lenye hiyo Minneapolis, afungue kesi huko. Usihangaike kwenda Temeke kile kituo cha mahakama cha mambo ya familia. Aanze wiki hii, na amwone wakili wa uhamiaji kabla hajasaini chochote atakacholetewa na bwana. Hukumu ikichelewa, fomu itumwe hivyo hivyo kabla kadi haijaisha.

BintiTandika
Mungu awalipe. Nimetoka kuongea naye. Mkataba wa nyumba una majina mawili, kodi ya mwaka jana walijaza pamoja. Kupigwa anasema hapana, ila alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, nitamwuliza tena tukiwa wawili, maana mama alikuwa ameegemea bega langu. Mama naye kaacha habari ya kurudi, sasa anatafuta namba ya mpiga picha wa nikahi.