Nina miaka 47, mwaka huu nataka malengo matatu tu. Mliovuka arobaini mnafanyaje yadumu?

Fundi wa Ngamiani:
Assalaam aleykum, na habari zenu nyote. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Nina watoto watatu, wa mwisho yuko kidato cha pili. Mipango yangu huiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma kabisa. Juzi natafuta kiuno cha mteja wa zamani, nikajikuta nasoma malengo yangu tangu 2019. Ni yale yale: kiwanja, kupunguza kilo kumi na tano, cherehani mpya ya ovaloku ya kupindia kingo, kuhitimisha juzuu thelathini za Kurani, kumaliza deni la shemeji. Ya mwaka jana nimeyahesabu, kumi na moja. Limetimia moja, ovaloku.

Mambo mawili yamenitikisa. Oktoba nilishindwa kutunga uzi. Nasogeza sindano mbali, nasogeza karibu, mpaka nikamwita binti yangu anitungie. Nilikaa pale muda mrefu bila kukanyaga cherehani. La pili ni mama. Yuko Pangani, kama kilomita hamsini tu kutoka hapa, na mwaka mzima nimekwenda mara mbili, moja kwa ajili ya msiba. Safari ya mwisho nikamkuta anatembelea mkongojo. Mimi mwanawe sijui aliushika lini.

Kwa hiyo nimefuta yote, nimebakiza matatu: kwenda kwa mama kila mwezi, kutembea nusu saa kwa siku, na kutia shilingi 2,000 kwenye kibubu kila jioni. Shida yangu ni Januari. Shule zinafunguliwa, watu wanataka sare, nalala saa saba au nane za usiku mwezi mzima. Nikija kuinua kichwa ni Februari na kila kitu kimeshakufa. Nyinyi mnafanyaje?

Nesi Mstaafu:
Waaleykum salaam, mdogo wangu. Nianze na macho, maana ndiyo mkate wako. Tukifika miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa, vitu vya karibu vinafifia. Ni umri huo, na miwani ya kusomea inatosha kukurudishia sindano yako. Ila usiinunue barabarani tu ukamaliza. Nenda ukapimwe, na uombe wapime na presha ya macho, kwa sababu ile hula jicho polepole bila maumivu. Siku hiyohiyo pima presha ya damu. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, kaa na daktari.

Kutembea umepanga vizuri. Kinachoshauriwa ni angalau dakika 150 kwa wiki, na si lazima uzimalize kwa mkupuo. Kumi asubuhi ukienda kibandani, kumi mchana, kumi ukirudi. Nimefurahi pia umefuta zile kilo. Nimeona wanawake wengi wanatembea miezi miwili, mizani haishuki, wanaacha, na kumbe presha ilishaanza kutulia. Hesabu siku ulizotembea.

Wa Makunduchi:
Dada, nani kakwambia mwaka lazima uanze Januari? Huku kwetu kusini Unguja Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa jadi, tunauadhimisha Julai. Wanaume wanachapana migomba uwanjani, kinyongo cha mwaka mzima kinaishia pale, kibanda cha makuti kinachomwa, halafu watu wanakwenda kula. Mimi mwenyewe mipango yangu naipanga baada ya hapo, kwa sababu Januari kazini kwetu ni msimu wa wageni na sina hata nafasi ya kufikiri. Wewe Januari yako ni ya sare. Shona. Mwaka wako uanze zikishatoka.

Dereva Moro:
Dada yangu, nina miaka 52, naendesha basi. Hapo kwa ndugu yetu wa Makunduchi nakubali kwa kutembea na kwa kibubu. Kwa mama sikubali, samahani. Usimsubirishe Februari.

Mimi niliandika "kumtembelea mama mara kwa mara" miaka minne mfululizo. Sikuweka siku. Alifariki wiki niliyokuwa nimepanga kuomba ruhusa. Sasa baba amebaki, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi siendeshi. Wenzangu wote stendi wanajua, hata bosi ameacha kuniuliza. Taja siku, mwambie mama mwenyewe, uwaambie na wateja.

Kibubu nacho, 2,000 kila siku ni 730,000 kwa mwaka, si haba. Lakini fundi hana mshahara wa kila siku. Mwezi mkavu utaruka jioni tatu, utakata tamaa. Toa kwa nguo: kila shati likitoka mkononi, 500 inaingia. Msimu wa sare utakujazia kibubu badala ya kukiua.

Fundi wa Ngamiani:
Nimesoma yote, ya Kaka Dereva nimeyasoma mara tatu. Pole sana, kaka. Mungu amrehemu mama.

Nimeanza na 500 leo, mashati manne na sketi mbili, 3,000 imeingia. Kutembea naanza shule zikishafunguliwa. Macho nakwenda Jumatano asubuhi kabla ya kufungua, binti atapokea wateja.

Kisha nimempigia mama. Nimemwambia kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nipo kwake, na hii inayokuja nakuja, sare au hakuna sare. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Utakuja na nani?" Nikamwambia peke yangu. Akasema nisisahau uzi mweusi, baibui lake limefumuka pindo tangu Mfungo Mosi na alikuwa ananingoja mimi.