Mrejesho: usalama wa Outlander PHEV

Salamu wakuu. Niliuliza kama Mitsubishi Outlander PHEV (gari la petroli linalochajiwa pia kwa umeme) ya mtumba kutoka Japani ni salama kwa familia, maana mama watoto alikuwa na wasiwasi na betri. Ahsanteni sana mliojibu.

Kwenye ajali iko vizuri: Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, waliipa nyota 5 mwaka 2013, ingawa vipimo vya wakati ule vilikuwa vyepesi kuliko vya leo.

Betri ndiyo iliyoninyima usingizi. Machi 2013 betri ya gari moja la aina hii iliyeyuka kwa joto huko Japani, uzalishaji ukasimamishwa. Kasoro ilitokea kiwandani kwa mtengenezaji wa seli za betri. Kwa sheria yetu Kenya ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka 8, za mwaka ule haziingii tena bandari ya Kilindini.

Sisi wa pwani tuogope zaidi maji ya chumvi. Mwaka 2012, kimbunga Sandy kilipofurisha bandari ya Newark, Marekani, gari 16 za Fisker Karma, nazo za petroli na kuchaji, ziliungua zikiwa zimeegeshwa. Chanzo hakikuwa betri kubwa, bali chumvi iliyoingia kwenye kifaa cha umeme wa volti 12.

Basi fundi wangu Changamwe akaiinua ile niliyoipenda. Boliti za kasha la betri zina ukoko mweupe, na nyuma ya nyaya za rangi ya chungwa (za umeme mkubwa) kumeganda matope. "Kaka, hii imeingia maji," akasema. Nikaiacha hapo hapo, bei nzuri au la.

Nimepata nyingine, chini safi, na namba ya chesisi nimeihakiki kwa mtengenezaji. Ijumaa namalizia malipo, inshallah.