Mjadala: Nyumba za milimani Mwanza zibomolewe au zirasimishwe?

Mleta mada, mkazi wa Mabatini

Ndugu zangu wa Mwanza, salaam. Nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya milima yetu, kuanzia Igogo na Bugando hadi Mabatini, Isamilo na Kitangiri, pamoja na zile zilizoukalia ukingo wa mto Mirongo, zifanywe nini? Wapo wanaotaka zibomolewe kwa sababu zinachafua ziwa na zinahatarisha maisha ya waliomo. Wapo wanaotaka zirasimishwe zote, kila mtu apewe hati yake na mambo yaishe. Mimi naona makundi yote mawili yameanzia mwishoni. Kabla ya tingatinga na kabla ya hati, tujibu kwanza kinyesi cha milimani kinakwenda wapi, kisha tuonyeshwe kwenye ramani ni nyumba ipi hasa iko hatarini.

Asiyekaa mlimani huenda hajui choo cha huku kinavyojengwa. Mwamba hauchimbiki kwa sururu, kwa hiyo fundi huchimba pale udongo unapokubali, mara nyingi kina kisichofika kimo cha mtu, kisha huinua kuta za mawe juu ya ardhi ili shimo lipate ujazo. Upande wa bondeni huachwa tundu lenye bomba na kizibo. Shimo likijaa, gari la majitaka haliwezi kupanda, maana njia yenyewe ni ngazi za mawe ambazo watu wawili hupishana kwa shida, mmoja akiwa amebeba ndoo. Basi mwenye nyumba husubiri mvua kubwa, hasa ya usiku, akafungua kizibo. Huko ndiko kutapisha choo. Mzigo ule hushuka ukipita mbele ya milango ya waliojenga chini, ukaingia mtaroni, mtaro ukaupeleka Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani katikati ya jiji, ziwa hilo hilo ambalo chanzo cha Capri Point kinavuta maji ya kutuuzia mabombani baada ya kuyatibu. Wanaofanya hivyo si wahuni. Ni watu wenye heshima zao, wanaolipa michango ya mtaa, na wengi wao hawapendi hata kulizungumzia jambo hili mchana.

Dawa yake imeshajaribiwa hapa hapa. Katika baadhi ya maeneo ya milimani, yakiwemo ya Mabatini, Igogo na Kilimahewa, yamelazwa mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu ya mwamba na kando ya ngazi, kaya kadhaa zikaunganishwa kwenye mstari mmoja unaoshuka hadi bomba kubwa la jiji. Mteremko ule ule unaolaumiwa kila siku ndio unaosukuma uchafu kushuka. Kaya zilizounganishwa hazina sababu tena ya kusubiri mvua ya usiku. Tatizo ni kwamba mabomba hayo hayajafika kila mahali.

Nije kwenye sheria, kwa kuwa inatajwa sana na kusomwa kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 7, inaruhusu maeneo fulani yatangazwe kuwa ardhi ya hatari, na humo imezitaja tena mita 60 hizo, pamoja na miteremko iliyozidi mwinuko ambao waziri atautaja baada ya kupata ushauri wa kitaalamu. Mita 60 unaweza kuzipima kwa kamba, lakini mwinuko haukupewa namba ndani ya kifungu. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wote wa milimani wako kinyume cha sheria anasema zaidi ya kilichoandikwa.

Mwanya huo ndio unaolisha uvumi. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, makundi ya WhatsApp ya mitaani hujaa sauti za watu wasiojitaja, wakidai kwamba wiki ijayo kuna bomoabomoa, na picha za jiwe lililoangukia nyumba ambayo ukiitazama vizuri hata mabati yake si ya huku kwetu. Mwenye hofu huuza kwa bei ya kutupa, na dalali huwa yuko karibu. Nataka ramani ya kila mtaa ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa na iwekwe mtandaoni, ikionyesha nyumba kwa nyumba zilizo ndani ya mita 60, zilizo chini ya mawe yasiyo imara, na zisizo na tatizo lolote.

Mchangiaji wa kwanza, mkazi wa Buswelu

Ndugu mleta mada, hoja ya choo naikubali bila kinyongo, lakini hoja ya jiwe umeipitia kwa mbali. Mawe mengi ya milima yetu yamekaa juu ya udongo na juu ya mawe mengine, yakashikana yenyewe kwa yenyewe. Mtu akichimba kiwanja chini yake, mwingine akakata miti iliyoushika udongo, na wa tatu akapasua kipande ili apate kokoto za kuuza, mvua humalizia kazi iliyobaki. Bomba la majitaka halizuii jiwe kuporomoka. Tena nyumba ikishika moto huko juu, gari la zimamoto linafika wapi?

Jambo la pili ni mfano tunaoutoa. Ukirasimisha leo, kesho wengine watapanda juu zaidi wakisubiri urasimishaji ujao, na ndivyo tulivyofika hapa. Kwa sensa ya 2022, wilaya mbili za mji wetu, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni moja, na hatuwezi kuendelea kuwapanga juu ya mawe. Viwanja vilivyopimwa vipo nje kidogo ya mji. Watu wahamishiwe huko, milima ipandwe miti.

Mchangiaji wa pili, mpangaji, Igogo

Anayetushauri twende kwenye viwanja vya nje ya mji atutajie na nauli. Mimi nashuka mlima kabla ya alfajiri kwenda soko la samaki la Mwaloni kupakua samaki, na kazi hiyo haimsubiri anayepanga foleni ya daladala. Halafu mnazungumza kana kwamba kila aliye mlimani ana nyumba. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja. Mthamini akija ataandika kuta na mabati, ambavyo ni mali ya mwenye nyumba. Ikibomolewa, mwenye nyumba ataondoka na chochote na mimi nitaondoka na godoro. Naomba hilo lijibiwe.

Mchangiaji wa tatu, mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba

Waheshimiwa, mita 60 zinapimwa kutoka ukingo upi? Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kulingana na kiwango cha 1964, ambacho wazee wetu walikuwa wakikihesabu kuwa hakitarudi. Mwaka 2024 likapanda tena. Mialo ikafunikwa, vichanja vya kuanikia dagaa vikasombwa, na aliyekuwa mbali na maji akajikuta jirani yake ni mamba. Ukipima mwaka wa maji machache unapata jibu lako, ukipima mwaka wa maji mengi unapata jibu lingine. Bila alama za kudumu, yaani nguzo zilizochimbiwa ardhini na kila mtu akaziona, mita 60 zitaendelea kuwa silaha ya mwenye nguvu. Na nisifiche: banda la mabati likiwa mita 50 kutoka majini linaitwa uvamizi, jengo la vigae likiwa mita 20 linaitwa uwekezaji.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Nianze na ndugu yangu wa Buswelu, kwa kuwa hoja yake ndiyo nzito.

Walio chini ya mawe yasiyo imara, na walio kwenye njia ya maji ya Mirongo, waondoke. Nakubaliana nawe na sitazunguka. Ninachokataa ni kuuhukumu mlima mzima kwa sababu ya mawe yake mabovu. Mlima huo huo una nyumba zilizokaa juu ya mwamba mpana ambao hauendi popote, imara kuliko nyingi za mabondeni zinazoingiliwa na maji. Kuzitenganisha ni kazi ya wataalamu wa miamba, wapite mtaa kwa mtaa wakiwa na vifaa vyao, wala si kazi ya mtu aliyesimama barabarani chini akanyoosha kidole.

Kuhusu watakaopanda juu zaidi wakisubiri hati, dawa ipo na teknolojia inaiweza. Jiji lipigwe picha za droni mara moja, zitangazwe pamoja na tarehe yake, na nyumba isiyoonekana kwenye picha hizo isihesabiwe katika urasimishaji wala katika fidia. Droni yenyewe haiogopwi na mtu. Tunachoogopa ni picha kupigwa na matokeo kufungiwa ofisini, yakaonwa na wachache wanaojua wanunue wapi.

Ndugu mpangaji, umenishika. Dar es Salaam, kwenye mradi wa kudhibiti mafuriko ya bonde la Msimbazi, walioondolewa walilalamika kwamba waliolipwa majengo hawakulipwa ardhi, na mwaka 2023 Serikali ikaongeza shilingi milioni 4 kwa kila mwenye nyumba kama kifuta jasho. Hatua hiyo inaonyesha kwamba fidia inaweza kujadiliwa na ikabadilika, lakini nayo ilimtazama mwenye nyumba. Kwa Mwanza ningependa orodha iandikwe kwa kaya badala ya kwa jengo, na mpangaji apewe walau kodi ya miezi kadhaa na notisi ya kutosha kutafuta chumba karibu na kazi yake. Wenye nyumba wenzangu hawataipenda sentensi hii.

Wanaodai kwamba Serikali haina takwimu za kuanzia wakumbuke kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani tunaponunua umeme, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, ya mlimani na ya bondeni sawasawa. Najua kulipa kodi hakumpi mtu hati, na nisieleweke kwamba nadai hivyo. Ila mita yenye namba imefungwa kwenye ukuta, fundi aliyeifunga alipanda ngazi zile zile, kwa hiyo nyumba hizi si siri kwa mtu yeyote.

Kwa wanaotaka hati kwanza, nasisitiza mpangilio wangu: bomba, ramani, kisha hati. Nyumba yenye hati na choo cha kutapisha itaendelea kutapisha, na safari hii mwenyewe ataweza kuiwekea rehani.

Hoja ya mfanyabiashara wa Kirumba kuhusu nguzo naichukua kama ilivyo, na ningeongeza kwamba zianze kuchimbiwa mbele ya majengo ya vigae.

Lililobaki kwangu ni ule mwinuko. Ndugu wa Buswelu, umesema milima ipandwe miti, nami nauliza, kuanzia nyuzi ngapi? Ukitaja 20, sehemu kubwa ya Mabatini inabaki. Ukitaja 10, unawahamisha hata wanaokaa kando ya lami. Taja namba yako na sababu zake, maana mkutano wa mtaa wetu unakuja na ningependa kwenda na namba mbili zinazoshindana.