Naomba ushauri: Kisumu au Nakuru?

Ndugu zangu, naombeni mawazo yenu. Nimekaa Uingereza miaka 14 nikitunza wazee, na Desemba narudi nyumbani kabisa na mabinti zangu wawili. Mama yuko Vihiga, anakaribia miaka 80, ndiyo maana moyo unavutwa Kisumu: nikipanda matatu asubuhi, chai ya saa nne nainywa kwake. Lakini joto la kule! Na malaria, wanangu hawajawahi kuugua, kwa hiyo miili yao haina kinga. Hilo linaninyima usingizi.

Nakuru kuna baridi nzuri, na mume wangu anapenda Kiamunyi. Tatizo ni maji. Visima vingi vya Nakuru vina floraidi nyingi, madini yanayoyatia meno madoa ya kahawia, na namkumbuka binamu yangu aliyekulia huko: akicheka, alifunika mdomo kwa kiganja kuficha meno ya kahawia. Mnaoishi Kiamunyi, watoto mnawapa maji gani? Ya mvua? Ya kununua?

Na walio Kisumu, kule Riat usiku kunapoa kweli kuliko mjini? Nataka kupanga nyumba mwaka mmoja kwanza. Ploti sinunui kwa picha za simu. Kaka yangu alilizwa hivyo. Nisaidieni, tafadhali.