Mjadala: Je, maua katika mashairi ya vita yanafichua ukatili au yanausitiri?

Mwalimu wa Fasihi

Naomba tujadili jambo linalozua ubishi kila ninapolifundisha. Washairi waliopigana Ufaransa na Ubelgiji katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na mtindo unaojirudia: hutanguliza ndege, nyasi na jua la asubuhi, kisha mizinga ikapasua kila kitu. John McCrae, tabibu katika jeshi la Kanada, alitunga karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mwezi Mei 1915, baada ya rafiki yake kuuawa, shairi ambalo ndani yake maua mekundu ya popi yanapepea kati ya misalaba, na juu angani vipozamataza wanaimba ingawa ngurumo za mizinga zinawafunika. Wanafunzi wangu wengi husema kwamba tofauti hiyo ndiyo inayowaonyesha ubaya wa vita. Mimi nina shaka. Nahofia kwamba ua likichipua juu ya kaburi, msomaji hufarijika kabla hajaumia, na kifo cha kijana huanza kuonekana kuwa jambo la msimu, kama majani yanavyopukutika. Isitoshe, maumbile hayana upande katika vita, na nadhani hapo ndipo washairi hawa walipojidanganya.

Msomaji Mkongwe

Mwalimu, hilo neno "walijidanganya" limenikera, kwa sababu umelitoa baada ya kuonyesha shairi moja tu. Chukua la Isaac Rosenberg, askari asiye na cheo aliyekulia katika ufukara wa mashariki ya London na kuuawa tarehe 1 Aprili 1918. Katika shairi lake la mwaka 1916 kumepambazuka handakini, na kiumbe hai anachokutana nacho ni panya, ambaye ameugusa mkono wa Mwingereza na baadaye atavuka aende kuugusa wa Mjerumani, jambo ambalo askari akilifanya atapigwa risasi. Kisha anachuma popi ukingoni mwa handaki na kulichomeka nyuma ya sikio. Anasema mizizi ya maua hayo imo katika mishipa ya watu, na kwamba la kwake limepauka kidogo kwa vumbi. Nionyeshe faraja iko wapi hapo. Ua hilo limestawi kwa damu, na mshairi anajua anachokivaa.

Mwana wa Tanga

Mimi nashangaa mnavyopita upesi juu ya sentensi ya mwisho ya Mwalimu. Maumbile hayana upande? Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga jeshi kutoka India, wakidhani watauteka mji kwa urahisi kutoka kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki wakawashambulia porini hata wengine wakatimua mbio kurudi pwani. Wazee wetu walisimulia kwamba Wajerumani waliitega mizinga ile ya nyuki kwa kamba. Mwalimu awaulize askari wale kama maumbile hayakuwa na upande.

Mpenda Historia

Ndugu yangu wa Tanga, hadithi ya kamba ilisambazwa na walioshindwa, kwa kuwa ni heri kushindwa na hila kuliko kushindwa na wadudu. Mizinga ya nyuki ilikuwa mitini tangu hapo, risasi zikaivuruga, na nyuki wakamuuma kila waliyemfikia, pamoja na askari wa upande wa Wajerumani. Kwa hiyo umemsaidia Mwalimu badala ya kumpinga. Ninachosikitika ni kwamba washairi wetu wa zama zile hawakuwa na jicho la maumbile. Tenzi za vita vya pwani zimejaa majina ya majumbe, merikebu na mabishano ya shaurini. Hutakuta ndege hata mmoja akiimba juu ya maiti.

Mwana wa Tanga

Nani amekwambia kwamba wazee wangu walikuwa "walioshindwa"? Wazee wangu walikuwa wenyeji, na vita vile viliwakuta makwao. Pili, unapowashutumu watunzi wa tenzi, kumbuka kwamba Hemedi bin Abdallah, aliyetunga juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vya 1888 na 1889, alikuwa na kazi ya kuhifadhi nani alisema nini na nani alisaliti. Mtu anayeandika ushahidi hatakiwi kusimama kusikiliza ndege.

Binti wa Lamu

Nilikuwa nasoma kimya, lakini maneno kwamba washairi wetu hawakuwa na jicho la maumbile yamenilazimisha kuandika. Je, Mpenda Historia amewahi kuisoma Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa takriban karne moja kabla ya huyo McCrae? Pate, mji wa kale wa visiwa vya Lamu, ilikuwa na majumba ya taa na vyombo vya Uchina. Mshairi anatuingiza ndani: madaka yaliyopangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege, bundi analia katikati ya nyumba, na kumbini zinasikika sauti za wadudu. Hakuna bunduki hata moja katika beti hizo, na bado mwili unasisimka. Kama huko si kuweka uhai wa maumbile kando ya maangamizi ya binadamu, basi sijui mnazungumzia nini.

Mpenda Historia

Dada, nimeisoma, na hukuwa na haja ya kuuliza kwa ukali huo. Al-Inkishafi inausuta moyo wa mtu anayeipenda dunia. Pate imeletwa kama onyo kwamba mali haidumu. Mada iliyo mbele yetu ni vita.

Binti wa Lamu

Na utajiri wa Pate ulikwenda wapi, Bwana? Uliyeyuka juani? Mji huo ulipigana na Lamu, ukapigana na Mombasa, na jamaa wa kifalme wakapigana wao kwa wao. Mshairi hakuhitaji kumweleza jirani yake habari ambazo jirani alizijua. Bundi alitosha.

Msomaji Mkongwe

Namuunga mkono Binti wa Lamu. Du Fu alifanya vivyo hivyo China mwaka 757, wakati wa uasi wa An Lushan, akiwa ndani ya mji mkuu uliotekwa: dola imevunjika, milima na mito ipo, majira ya kuchipua yameingia mjini na nyasi zimestawi sana. Huzuni yote imo katika kustawi huko, kwa kuwa nyasi hurefuka pale watu walipoacha kupita. Tuwaombe watafiti wa vita wasitukatalie shairi kwa kuwa halina baruti.

Mwalimu wa Fasihi

Nafurahi kwamba mjadala umechangamka, ingawa swali langu limeachwa njiani, nami nalirudisha. Bundi wa Pate na nyasi za Du Fu hazimfariji mtu, nakubali. Lakini tazameni ubeti wa tatu wa McCrae: baada ya popi na ndege, wafu wanawataka walio hai wachukue mwenge na kuendeleza ugomvi na adui. Maua yalilainisha moyo, kisha moyo uliolainika ukapewa bunduki. Haikuwa ajabu shairi hilo kutumika kuhimiza watu kununua hati za mikopo ya vita nchini Kanada. Wilfred Owen, aliyeuawa wiki moja kabla ya vita kusitishwa, alikuwa mwangalifu zaidi. Katika shairi lake la shambulio la majira ya kuchipua, askari wanapumzika katika nyasi, miiba midogo inawashika miguu kana kwamba inawazuia wasiende, na mara wanapovuka kilima anga lote linawawakia. Katika jingine, la baridi, alfajiri yenyewe inajipanga upande wa mashariki kama jeshi, na theluji inaua bila haraka.

Mwana wa Tanga

Kwa hiyo alfajiri ya Ulaya inaruhusiwa kuwa jeshi, lakini nyuki wa Tanga hawana upande. Nimeelewa.

Mjukuu wa Mpagazi

Mmetaja nyuki mara nyingi kuliko watu, na hilo ndilo lililonitoa kimya. Katika ukoo wetu kuna mzee aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza na hakurudi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwanzoni mwa 1917 mvua ilifurisha Rufiji, njia za chakula zikakatika, na watu wakabaki wakitetemeka matopeni wakiwa na mizigo kichwani. Mwambie mtu wa namna hiyo kuhusu utulivu wa maumbile! Miaka kumi na miwili kabla yake, watu wa nyanda hizohizo walikuwa wamekunywa maji ya Kinjikitile, mganga wa vita vya Maji Maji, wakiamini yatageuza risasi kuwa maji, na Wajerumani wakajibu kwa kuchoma mashamba na maghala hadi njaa ikaua zaidi ya bunduki. Huku kwetu mto uliandikishwa jeshini na shamba likashambuliwa. Tofauti ya ua na mzinga, ambayo Mwalimu anaisomesha, inamfaa mtu aliyeacha nyumbani bustani iliyo salama na kusafiri kwenda vitani.

Msomaji Mkongwe

Pole kwa mzee wako. Hata hivyo, bustani ile haikuwa salama kama unavyodhani. Edward Thomas, kabla ya kuuawa Arras Aprili 1917, alitunga shairi ambalo mkulima analima na farasi, na kila anapofika mwisho wa tuta anazungumza na mtu aliyeketi juu ya mti ulioangushwa na dhoruba. Mti umelala hapo kwa sababu mwenzake mkulima, ambaye wangeuondoa pamoja, aliuawa siku yake ya pili Ufaransa. Ni shamba tulivu kabisa, na vita vimo humo katika umbo la gogo ambalo mtu mmoja hawezi kulisogeza.

Mjukuu wa Mpagazi

Shairi hilo nitalitafuta. Ila mkulima wako anamjua aliyekufa na anajua siku aliyokufa. Popi za McCrae nazo zinapepea kati ya misalaba, yaani kulikuwa na misalaba. Ripoti ya 2021 ya tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa katika majeshi ya himaya, wasiopungua 116,000 na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Mwalimu anauliza kama ua juu ya kaburi linafariji mno. Mimi namuuliza mshairi atasimama wapi ili alione hilo ua.

Mpenda Historia

Hilo ni suala la makaburi na tume, ndugu, nalo linastahili mjadala wake.

Binti wa Lamu

Uliyasema hayohayo kuhusu Pate.