Swichi inajibu nikiwa kwenye VLAN yake tu, nikitoka hapo kimya. Naomba ushauri

Kebo_Ndefu
Wakuu salaam. Nina swichi ya Cisco Catalyst iliyowahi kutumika sehemu nyingine, nimekabidhiwa niifunge kwa watumiaji wa kawaida. Nimeiseti kwa kebo ya konsoli hivi:

interface vlan 99
ip address 192.168.99.2 255.255.255.0
no shutdown
exit
ip default-gateway 192.168.99.1

Nikichomeka laptopu kwenye poti ya VLAN 99 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi hiyo hiyo) naipingi vizuri, yaani inajibu ujumbe wa majaribio, na SSH, ya kuingia kwa mbali, inaingia. Nikirudi mezani kwangu, VLAN 10 yenye 192.168.10.0/24, ruta ya 192.168.99.1 inajibu ila swichi yenyewe haijibu kabisa. Watumiaji waliochomekwa humo humo wanapata intaneti bila shida, hapo ndipo naposhindwa kuelewa. Mwenzangu mmoja anasema anwani inatakiwa kuwekwa kwenye poti inayokwenda kwa ruta, si kwenye VLAN. Ni kweli? Sitaki kuigusa poti hiyo bila uhakika, watu wako kazini.

Mzee wa Tranki
Usiiguse kabisa mkuu. Poti ya kawaida ya swichi haipokei IP. Ili ikubali itabidi uandike no switchport, na hapo hapo inaacha kuwa tranki, yaani poti inayobeba VLAN nyingi kwa pamoja. VLAN zote zinazopita humo zinakatika. Ulivyofanya ndivyo: IP inakaa kwenye interface ya VLAN, na kazi yake ni wewe kuifikia swichi uisimamie. Data za watumiaji hazihitaji anwani hiyo, ndiyo maana wao wanadunda kama kawaida.

Tuwekee majibu ya show ip interface brief na show ip route.

Kebo_Ndefu
Asante mkuu. Vlan1 inasoma administratively down, Vlan99 up/up, hakuna interface nyingine yenye IP. Kwenye show ip route mstari wa juu unasema "Gateway of last resort is not set", halafu mtandao uliopo ni 192.168.99.0/24 peke yake.

Mzee wa Tranki
Basi tumeshampata mchawi. Swichi hiyo ina ip routing, yaani imewashiwa kazi ya kuelekeza data kati ya mitandao, nadhani imebaki kutoka kazi yake ya zamani. Amri ya ip default-gateway inasomwa pale tu routing ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, swichi haiangalii tena mstari huo, inaangalia jedwali lake la njia.

Fuata pingi yako inavyosafiri. Inatoka 192.168.10.x, ruta inaipokea na kuipeleka hadi kwenye swichi. Swichi inaipata vizuri kabisa! Sasa inataka kujibu, inatafuta njia ya kwenda 192.168.10.0, haioni, inalitupa jibu. Ukiwa VLAN 99 haihitaji njia yoyote, mko mtandao mmoja.

Una dawa mbili. Kama swichi hii haipitishi data kati ya VLAN na VLAN, andika no ip routing, na ule mstari wako utaanza kufanya kazi. Kama inapitisha, iache routing ikiwa imewashwa na uongeze ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.168.99.1.

SharifaNet
Mimi ningeongeza ip route tu, ni salama zaidi. Kuzima routing kwenye swichi usiyoijua historia yake ni hatari.

Mzee wa Tranki
Dada Sharifa, kwa kawaida ningekuunga mkono. Lakini ametuonyesha Vlan99 peke yake ndiyo yenye IP, kwa hiyo hakuna kinachoelekezwa humo. Kuiacha routing kwenye swichi ya watumiaji ni kumwekea fundi ajaye kitendawili hiki hiki.

SharifaNet
Sawa, hapo nakubali. Ila mkuu Kebo, fanya ukiwa kwenye konsoli, usifanye kwa SSH. Siku utakapolazimika kufanya ukiwa mbali, tanguliza reload in 10. Ikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko, jibu no. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 swichi inajiwasha upya na mipangilio ya zamani. Mambo yakienda vizuri unaandika reload cancel.

Na kwa wengine wanaosoma: interface ya VLAN ikisoma up/down, kwanza hakikisha VLAN yenyewe imeundwa, kisha uwepo angalau poti moja hai inayoibeba. Kwenye tranki andika switchport trunk allowed vlan add 99. Tafadhali msisahau hiyo add. Bila hiyo, orodha yote inafutwa na kubaki 99 tupu, na watumiaji wote wanadondoka kwa pamoja.

Poti_Nane
Wenye D-Link, TP-Link au Netgear: nyingi zinakuja na anwani ya kiwandani, mfano 10.90.90.90 kwa D-Link nyingi, 192.168.0.1 kwa TP-Link, 192.168.0.239 kwa Netgear. Ipe laptopu anwani ya mtandao huo huo kwa mkono, uingie kwa kivinjari. Ukiwa na swichi mpya kadhaa za aina moja, washa moja, ibadilishe anwani, ndipo uwashe inayofuata, la sivyo zitagongana.

Kebo_Ndefu
Wakuu, imekubali! Nimeandika no ip routing kwenye konsoli, sasa show ip route inasema "Default gateway is 192.168.99.1", na swichi inajibu nikiwa mezani kwangu VLAN 10. Hakuna mtumiaji aliyekatika. Nimeshahifadhi kwa copy running-config startup-config. Mbarikiwe sana.

Mzee wa Tranki
Safi sana. Kama VLAN 99 ina DHCP, ile inayogawa anwani yenyewe, iondoe .2 kwenye anwani zinazogawiwa. Na kwa kuwa sasa inafikika kutoka VLAN 10, weka access-class (orodha ya wanaoruhusiwa) kwenye line vty (milango ya kuingia kwa mbali) ili SSH ikubali kompyuta yako tu, si kila aliyeko kwenye VLAN hiyo.