Banda la tai na bundi wasioweza kurudi porini, tuanzie wapi?

mdau_naivasha: Habari wadau, nasaidia kituo kimoja huku Naivasha, tuna tai alikatwa bawa baada ya kupigwa na stima na bundi wa jicho moja, hawarudi porini tena. Banda ni la waya wa kuku, manyoya ya mkia yanakatika ovyo. Tubadilishe nini kwanza?

mtunza_ndege: Hiyo waya jamani! Ndani weka fito za wima zilizokaribiana, ndege akijirusha anateleza hanasi. Pande tatu ziba na mbao, akiona watu kila upande hatulii kabisa.

mpenda_bundi: Angalia na nyayo zao, zikiwa nyekundu au zimevimba ujue wanasimama kwenye kijiti kimoja nyororo, uzito unakaa palepale na kidonda kikiingia kupona ni shida. Weka matawi ya unene tofauti, mengine zungushia kamba ya katani, na huyo wa bawa moja mpangie kama ngazi kuanzia chini apande mwenyewe.

mdau_naivasha: Asanteni sana. Wanaweza kukaa banda moja?

mpenda_bundi: Usithubutu, tai atamla bundi.